Pikipiki ya zamani katika baridi ya Lubero

Lubero iko juu milimani, kusini mwa Butembo. Asubuhi ukungu unafunika mashamba ya viazi, na pikipiki ya zamani inakataa kuwaka, kwani baridi inachelewesha esanse kugeuka mvuke. Mbele ya kuchosha mguu kwa kiki, tuangalie: robine ya esanse imefunguliwa? Kisha tuvute startere ili hewa ipungue, tupige kiki. Ikikataa, tutoe buji, mbali na moto wowote. Ikiwa imelowa, esanse imezidi: tuipanguse, ikauke, turudishe startere, tujaribu tena. Ikiwa nyeusi, tuisugue. Kila kikundi chenye pikipiki kiweke buji ya akiba na ufunguo wake. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hangoji jua lipande.