Kumbe Diski Ilikuwa Nzima

Kina mama wenzangu, siku hizi katika nyumba nyingi kompyuta imekuwa kama cherehani. Inatumiwa na wote, na siku ikigoma kila mtu anamtazama mwenzake. Yetu ni laptopu iliyotengenezwa mwaka 2016, nasi tuliinunua ikiwa imeshatumika. Mimi naweka humo hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kijana wetu wa kidato cha tano anaitumia kwa masomo.

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma za kawaida za Windows 10. Windows 11 nayo haikuandaliwa kwa mashine za umri kama wa yetu. Ndipo kijana akaja na shauri lake: tuweke Linux. Nilimwuliza ni kitu gani hicho. Akanieleza kwamba ni mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na kwamba mtu yeyote anaweza kuuchukua bila kulipa. Aina aliyoichagua inaitwa Linux Mint. Mume wangu alikubali kwa sharti moja, kwamba hesabu za kikundi zinakiliwe kwanza. Nilizinakili mwenyewe katika flashi mbili, moja nikaiweka kabatini na nyingine nikampa mwenyekiti wetu.

Kazi yenyewe haikuchukua hata saa nzima. Mashine ikaandika kwamba imemaliza, tuiwashe upya. Tukaiwasha. Kikatokea kioo cheusi na maneno machache ya Kiingereza, maana yake hakuna kifaa cha kuwashia. Tukarudia mara tatu, hali ikawa ile ile.

Baba yake hakupiga kelele, na kimya chake kilikuwa kibaya zaidi. Alisema tu, "Usiguse tena kitu cha umeme humu ndani." Kesho yake akaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi akasema diski imekufa, mpya ni shilingi 120,000, na kazi italipiwa kando. Fedha hiyo kwetu ilikuwa sehemu ya ada ya muhula uliokuwa ukija. Kijana alisikia yote. Chakula cha jioni hakukigusa, na siku mbili zilizofuata alikuwa akijibu "ndiyo Mama" na "hapana Mama" tu. Nilimwogopea yeye kuliko nilivyoiogopea mashine.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Lakini nimelea watoto watatu, na mtoto akiwa na homa humpi dawa ya kila ugonjwa. Unamgusa, unamwuliza, unaondoa jambo moja baada ya jingine. Nikajiuliza: diski iliyoandikwa vizuri kwa muda wote ule, inakufaje katika dakika ile ile kazi inapokwisha? Nikamwomba mume wangu aniachie jioni moja tu ya Jumamosi kabla ya kulipa. Akaniachia.

Nikamwambia kijana, "Mwanangu, kaa hapa. Usirekebishe kitu. Tuangalie tu."

Jambo la kwanza, Linux ina sifa moja nzuri: inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Tukaiwasha hivyo, ikawaka. Kijana akafungua programu ya kuangalia diski, na diski ikaonekana yote, GB 500, na kipimo cha afya yake kikasema ni nzima. Tukaingia ndani yake, tukayakuta mafaili yote ya mfumo mpya yamepangwa mahali pake. Basi diski haikufa. Nilimtazama kijana usoni, na nadhani hapo ndipo alipoanza kupumua.

Jambo la pili lilihusu namna mashine inavyoamka. Ndani ya kila kompyuta mna programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Zamani iliitwa BIOS, na mashine za miaka hii zina UEFI. Mfumo ukiwekwa kwa namna ya zamani katika mashine iliyopangwa kuwaka kwa namna mpya, hautawaka hata ukiwa mzima. Kijana akatafuta folda iitwayo /sys/firmware/efi, akaikuta. Maana yake flashi ilikuwa imewaka kwa namna mpya, na huko hakukuwa na kosa.

Jambo la tatu lilitutisha kidogo. Katika sehemu ndogo ya diski inayotunza vianzio vya mfumo tulikuta folda iitwayo ubuntu, wala si mint. Kijana akadhani ameweka kitu kingine kabisa. Kumbe Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na folda hiyo hubaki na jina hilo. Ndani yake palikuwa na faili shimx64.efi, ambalo ndilo linalopaswa kuamshwa.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwapo, ila mashine haikutaka kukiona. Tukaingia katika mipangilio ya UEFI kwa kubonyeza F2 wakati wa kuwasha. Pale palikuwa na ulinzi uitwao Secure Boot, ambao huzuia programu zisizotambuliwa zisiamke. Chini yake palikuwa na mstari wa kuchagua faili la kuaminiwa, lakini ulikuwa wa kijivu na haukubali kuguswa. Hata kuuzima ulinzi wenyewe hakukuwezekana.

Kijana akakitafuta kitabu cha maelekezo cha mashine kwa simu yangu. Tulikisoma polepole, yeye Kiingereza, mimi nikiuliza maana. Jibu lilikuwa katika ukurasa usiovutia hata kidogo: mistari ile haifunguki mpaka mwenye mashine aweke nenosiri la msimamizi. Tukaliweka, na mistari ikafunguka. Tukaingia katika diski, tukafungua EFI, kisha ubuntu, tukachagua shimx64.efi, tukalipa jina, tukahifadhi. Halafu tukalipandisha jina hilo juu kabisa katika orodha ya kuwashia. Nenosiri nililiandika katika daftari la nyumba, pamoja na namba za kadi za kliniki, kwa sababu nenosiri la namna hiyo likisahaulika kuna kazi kubwa kulitoa.

Ikawaka. Ilitokea alama ya kijani ya Mint, kisha picha ya mbele, na kijana akafunika uso kwa mikono.

Mume wangu alitoka sebuleni kuja kuona kimya kile ni cha nini. Akasimama nyuma yetu. "Hesabu za kikundi zipo?" akauliza. Nikachomeka flashi, nikazifungua, akazisoma mpaka mwisho. Kisha akavuta kigoda, akamwambia kijana, "Hebu nionyeshe hapo mlipopita." Wakaanza tena kutoka F2. Mimi nilikwenda kulala, na saa sita usiku nilikuwa bado nawasikia wakibishana juu ya neno UEFI.