Gramu Tatu

Mwaka 1989 nilikuwa kijana wa Mombasa niliyekula kwa kupeleka bahasha za watu London. Asubuhi mikataba ya mawakili wa City, mchana makopo ya filamu kutoka Wardour Street, jioni picha za magazeti. Redio kifuani, kitabu cha ramani ya A–Z juu ya tangi, mvua mgongoni.

Pikipiki iliyotulisha wengi wetu ilikuwa Honda CX500, iliyotoka mwaka 1978. Nzito, wala hakuna aliyewahi kuisifia sura. Ila haikuwa na cheni. Nguvu yake ilipita kwenye shafti hadi gurudumu la nyuma, kama lori. Ukitoka kazini saa mbili usiku umelowa chapachapa, kutokuwa na cheni ya kukaza na kupaka oili ni neema, na neema hiyo ndiyo iliyonilevya. Nilijiambia shafti haidai kitu.

Shafti inadai. Pale gurudumu linapokutana na difu kuna meno yanayoingiana, mafundi huyaita splaini. Hayapitani kama meno ya gia. Yamekumbatiana, yanazunguka pamoja, na kila unapovuta mafuta au kuachia yanasuguana kwa upana wa unywele. Msuguano huo mdogo ndio mbaya, kwa sababu unaisukuma grisi nje na hauirudishi. Chuma kikibaki na chuma hutoa unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, na unga huo nao unakuwa msasa.

Wenzangu waliniambia kila tairi ya nyuma ikibadilishwa nipake grisi hapo, na iwe nyeusi. Basi nikaenda sokoni nikanunua kopo kubwa, nyeusi tii, bei ya kutupa. Nikapaka kama mtu anayepaka samli kwenye chapati. Nilijiona mjanja.

Majira ya baridi yaliyofuata pikipiki ikaanza kugonga. Nikivuta mafuta, ko! Nikiachia, ko! Nilisikia wiki nzima nikajifanya sikusikia. Ijumaa moja, mwanzoni mwa Waterloo Bridge, taa ikawa kijani, nikaachia klachi, injini ikalia kwa nguvu zake zote na pikipiki ikasimama palepale. Gia imeingia, klachi imeshika, gurudumu halina habari. Nikaisukuma hadi upande wa pili huku mabasi yakinipigia honi.

Fundi wetu alikuwa chini ya matao ya reli, Mhindi mzaliwa wa Mombasa kama mimi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Makupa hasa. Alitoa gurudumu, akamulika kwa tochi. Meno yaliyotakiwa kuwa na vichwa bapa yalikuwa yamechongoka kama ya papa.

"Ulipaka nini hapa, kijana?"

"Grisi nyeusi, mzee."

"Masizi ya sufuria pia meusi."

Akalinusa kopo langu, akasema ni grafiti. Grafiti nayo huteleza, ila huhitaji unyevu wa hewa ili iteleze vizuri, wala siyo aliyoiagiza Honda. Akafungua kitabu cha matengenezo kilichoshikana kurasa kwa oili, akaweka kidole: marhamu ya molibdeni disalfaidi, zaidi ya asilimia 40. Hapo ndipo nilipojua kuwa hata grisi ya CV joint ya magari, ambayo nayo huuzwa kwa jina la moli, kwa kawaida huwa na asilimia 3 hivi. Jina moja, rangi moja, dawa mbalimbali.

Alinieleza kwa karata. Molibdeni imelala katikati, salfa juu na chini, tabaka juu ya tabaka, na tabaka huteleza kama karata mpya mezani. Mafuta yakibanwa hutoka. Karata hubaki zimelala juu ya chuma. Kisha akatoa kikebe kidogo cha Rocol ASP, marhamu ya Kiingereza iliyotajwa kwenye kitabu kilekile pamoja na Molykote G-n. Bei niliyokuja kuiona dukani ilinitoa jasho. Kwa pesa hizo ningejaza tangi mara mbili.

Gurudumu na difu vilivyotumika, vya kuokoteza, vilinila mshahara wa wiki mbili. Kikebe nikakinunua vilevile, kwa hasira.

Kilichonishangaza ni jinsi kilivyokataa kwisha. Fundi alinifundisha kusafisha meno kwa petroli, kuyakausha, kisha kusugua marhamu kwa mswaki wa zamani mpaka chuma kiwe kijivu cha kung'aa. Nilipopima baadaye, kazi nzima ilikula gramu 3 hivi. Ukizidisha inatapakaa tu na kukusanya vumbi. Binamu yangu aliponiletea kutoka Marekani tyubu ya Honda Moly 60, yenye gramu 85, nilipiga hesabu: mara 28. Mimi nilikuwa nabadilisha tairi ya nyuma kama mara sita kwa mwaka. Marhamu niliyoiita ghali ingenifikisha karibu miaka mitano, na kopo langu la bei ya kutupa halikunimalizia hata mwaka.

Tyubu ile iliishi zaidi ya kazi yenyewe. Faksi ilianza kuzila bahasha, barua pepe ikamalizia. Nikabaki na Honda ST1100 ya kutembelea Jumapili, nayo ya shafti. Moly 60 yenyewe Honda waliiacha, wakaleta M-77, na bei ikanirudishia jasho la ujana.

Ubahili haukuniisha. Nikaagiza unga mtupu wa molibdeni disalfaidi nikachanganye mwenyewe na grisi ya beringi za trela za mashua, isiyoogopa maji. Gramu 60 za unga kwa 40 za grisi. Asilimia hizo ni za uzito, na chembe zenyewe za unga huo ni nzito zaidi ya mara tano ya grisi. Kwa ujazo wa chembe zenyewe, bila hewa iliyo kati yake, ni kama sehemu moja kwa nne. Marhamu ilitoka nzuri, sina ubishi, lakini simshauri mtu. Nimepata ya kutosha kwa pikipiki za mtaa mzima, na mimi ninayo moja.

Mizani niliyopimia ilikuwa ya mke wangu, ya kupimia unga wa maandazi. Nimeiosha kwa sabuni, kwa petroli, kwa ndimu. Alama ya kidole gumba bado ipo pembeni, kijivu, inang'aa. Kila akipima unga hutandika kwanza karatasi, huku ananitazama.