Pima Kwanza, Ndipo Ubadilishe

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Ni msemo mtamu, hasa masikioni mwa mzee aliyevuka miaka sabini, lakini nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba haubebi ukweli wote. Yapo ya kale yaliyooza. Upo na msemo mwingine, ambao haujaandikwa kwenye kanga yoyote lakini ndio unaotawala siku hizi madukani na majumbani: kikiharibika kitupwe, kipya kipo. Huo nao haubebi ukweli wote. Katikati ya misemo hii miwili iko kazi ambayo watu wengi hawana subira nayo, nayo ni kazi ya kupima. Nilijifunza kanuni zake Chuo cha Ualimu, nikaifanya darasani miaka mingi, lakini sijawahi kuiona ikifanywa kwa uaminifu mkubwa kama mwaka 2022, nilipokaa kwenye benchi la fundi mjini Moshi nikitazama amplifaya yangu ya zamani ikifufuliwa.

Kwa asiyeijua, amplifaya ni kikuza sauti. Hupokea sauti dhaifu kutoka kwenye gramafoni au kaseti, ikaitia nguvu hadi iweze kusukuma spika. Yangu inaitwa Quad 303. Ilianza kuuzwa mwaka 1967 na kampuni iliyoanzishwa na Mwingereza Peter Walker, yenye kiwanda mjini Huntingdon, nayo iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985. Ni boksi jembamba la chuma, refu kwenda nyuma, lenye mbavu za kupozea joto upande wa mbele na uzito wa kilo nane hivi. Hutoa wati 45 kwa kila upande, yaani kulia na kushoto. Niliinunua mwaka 1986 kwa mwalimu mgeni aliyekuwa amemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Kwa miaka thelathini na mitano ilinipigia santuri za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, na wageni wangu walizoea kusema kwamba kwenye chombo kile gita la marehemu lilikuwa kama limeketi sebuleni pamoja nao.

Kulikuwa pia na kaseti moja. Marehemu mke wangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Mwaka 1991 tulirekodi kwaya yake kwa vinasa sauti viwili, kimoja mbele ya wavulana na kingine mbele ya wasichana, naye akasimama na wasichana akiwaongoza kwa sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo katika kaseti ile wavulana wako kushoto, na yeye yuko kulia.

Mwishoni mwa mwaka 2021 amplifaya ilianza kunguruma hata pasipo muziki, na jioni moja upande wa kulia ukanyamaza kabisa. Ningeweza kuisikiliza kaseti ile kwenye redio ya mjukuu wangu, na nilifanya hivyo; sauti ilikuwa yake. Hata hivyo nilitaka chombo changu kirudi. Ninalisema hili wazi ili msomaji ajue kwamba mimi sikuwa hakimu mwema wa jambo hili. Mapenzi si kipimo.

Ushauri haukukosekana. Watoto walisema ninunue kifaa kipya kinachopokea muziki kutoka kwenye simu. Mtu mmoja mjini, aliyeitazama kwa dakika tano bila kugusa mita, alitaka kuing'oa matumbo yote na kutia bodi mpya ya bei nafuu ndani ya boksi lile. “Kwa nje haitabadilika, mzee,” aliniambia. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niibebe na kuondoka.

Nikampelekea mwanafunzi wangu wa zamani. Alimaliza darasa la saba mwaka 1988, wakati nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na hakuchaguliwa. Akajifunza ufundi kwa mtengeneza redio mmoja, akajisomea vitabu, na leo ana kibanda chake karibu na soko. Aliniamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” akanipa kiti, kisha akafungua boksi na kutazama muda mrefu bila kusema neno.

Hakuichomeka ukutani. Alichukua globu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani, akaiunga mfululizo katika waya wa umeme, hivyo kwamba umeme wote wa kuingia kwenye amplifaya ulilazimika kupita kwanza ndani ya globu. Alinieleza sababu. Chombo kikiwa kizima, globu huwaka kidogo wakati kapasita zinajaa, kisha hufifia. Ndani kukiwa na shoti, globu hubaki inawaka kwa nguvu, lakini hakuna kinachoungua, kwa sababu globu imebeba mzigo wote. Aliwasha, globu ikawaka na kubaki inawaka. Akazima. Kwa kutumia rizista akanyonya umeme uliobaki ndani ya kapasita, maana hizo huweza kumpiga mtu hata chombo kikiwa kimeshachomolewa.

Kisha alifanya jambo lililoniletea furaha ya kiualimu. Amplifaya ya stirio ni mapacha: upande wa kulia na wa kushoto hutengenezwa kwa mchoro mmoja na vipuri vilevile. Basi mgonjwa alikuwa amekuja hospitali na ndugu yake mzima. Fundi aligusa mita mahali fulani upande wa kushoto, akaandika. Akagusa mahali palepale upande wa kulia, akaandika. Akaendelea hivyo, pointi kwa pointi, mpaka namba zikaachana. Hapo palikuwa na transista moja kubwa ya kutolea nguvu, yenye umbo la kofia ya chuma. Ndani ilikuwa imeshikana, ikipitisha umeme kama kipande cha waya. Kumbe upande wote uliotangazwa kuwa umekufa ulikuwa umeangushwa na kipuri kimoja.

Nilimkumbuka msichana mmoja wa darasa la tano, katika shule niliyokuwa mkuu wake wilayani Same miaka ya 1980. Ripoti aliyokuja nayo kutoka shule nyingine ilisema ni mzito wa kuelewa na hana adabu, kwamba akiitwa haitiki. Nilisimama nyuma yake na kulitaja jina lake kwa sauti ya chini upande wa kushoto, akageuka. Nikafanya vivyo hivyo upande wa kulia, akaendelea kuandika. Sikio lake la kulia lilikuwa limetoa usaha miaka mingi. Alikwenda hospitali ya wilaya, na darasani tukamhamishia kwenye dawati la mbele, upande ambao sikio lake zima lilimwelekea mwalimu. Mwisho wa mwaka alikuwa wa tisa kati ya wanafunzi arobaini na wawili. Mtoto hakuwa amebadilika. Kilichobadilika ni kwamba alipimwa.

Turudi kwenye benchi. Mngurumo ulikuwa na chanzo kingine, nacho ni kapasita. Zile kubwa, zilizo nne katika Quad 303, ni makopo yenye tabaka mbili za alumini zilizoviringwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminika maalumu. Kazi yake inafanana na ya tangi la maji juu ya paa: maji ya bomba yakija kwa mawimbi, tangi huyatoa kwa utulivu. Lakini kimiminika kile hukauka kwa joto na miaka, tangi likapungua ujazo, na mawimbi ya umeme yakaanza kusikika kwenye spika kama nyuki ndani ya mtungi. Fundi alizifungua moja moja. Kapasita iliyoandikwa mikrofaradi 2000 ilisoma chini ya 900. Nyingine, yenye umri uleule kutoka kiwanda kilekile, ilisoma karibu 1700.

Zile ndogo za kwenye bodi nyingi zilikuwa zimekauka pia. Baadhi ya rizista za kaboni zilikuwa zimepanda, na hiyo ndiyo tabia yake zikizeeka. Lakini transfoma, ambayo ni moyo wa chombo na ndiyo sehemu kubwa ya uzito wake, ilikuwa nzima kabisa. Transista karibu zote zilikuwa nzima. Fundi alibadilisha kapasita zote kubwa, hata ile iliyosoma vizuri, akinieleza kwamba hiyo nayo iko njiani na hakuna maana kufungua boksi mara mbili. Nilikubali, kwa kuwa alikuwa amepima kabla ya kusema.

Ikabaki kutafuta transista. Aina inayojulikana kila mahali ni 2N3055, iliyotolewa na RCA ya Marekani miaka ya 1960. Fundi alinunua mbili sokoni kwa bei iliyomshangaza kwa udogo wake. Hakuziweka. Alizipima uzito kiganjani, akakunja uso, akaikata kofia ya mojawapo kwa msumeno wa chuma. Ndani, mahali ambapo pangekuwa na kipande cha silikoni kipana cha kustahimili mkondo mkubwa, palikuwa na punje ndogo kama ya mtama. Maandishi ya juu yalikuwa safi, namba sahihi, hata alama ya kiwanda ilikuwepo. “Mwalimu,” alisema, “hii imesomea jina tu.”

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mwaka 2017 serikali yetu ilipohakiki vyeti, watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wakati ule wengi tulibishana juu ya adhabu. Sikumsikia mtu akiuliza swali ambalo fundi wangu aliliuliza kwa msumeno: kwa miaka yote waliyokaa kazini, nani alikuwa akipima kazi yenyewe? Cheti ni maandishi juu ya kofia. Ni ya lazima, na anayeyaghushi ni mwongo, lakini anayesoma kofia peke yake naye amemfungulia mwongo mlango.

Fundi alisoma pia karatasi ya kiwanda ya kipuri kile, akagundua kwamba hata 2N3055 halisi, kwa kawaida, imeandikiwa kikomo cha volti 60, ilhali ndani ya Quad 303 umeme umepangwa kwenye volti 67. Kwa hiyo alichagua aina ya MJ15003, inayostahimili volti 140. Binti yangu anayeishi Uingereza alizinunua kwa wakala anayeaminika na kuzituma kwa posta pamoja na kapasita za mikrofaradi 2200. Hizi mpya zilikuwa ndogo kuliko zile za zamani, ingawa ujazo wake ni mkubwa zaidi. Ufundi wa kuzitengeneza umesonga mbele sana. Fundi alikata vipande vya bati la alumini, akazitengenezea mikanda ili zisicheze mahali pake. Huo ndio upande ambao wapenzi wa vya kale hawapendi kuusikia: vipuri vipya ni bora kuliko vile vilivyotoka.

Je, bado ni amplifaya ileile? Mjukuu wangu aliniuliza hivyo, akidhani amenishika. Nilimjibu kwamba mimi mwenyewe nina meno sita ya kuwekwa, na bibi yake aliishi miaka yake ya mwisho akisoma Biblia kwa lenzi bandia baada ya kuondolewa mtoto wa jicho, na hakuna siku niliyodhani kwamba nimeletewa mke mwingine. Mchoro ni uleule na transfoma ni ileile. Kilichotolewa kilitolewa kwa sababu inayoweza kuandikwa kwa namba. Lakini yule bwana wa kwanza, aliyetaka kuacha boksi na kutupa yote ya ndani, angenirudishia maiti iliyovikwa suti yake ya zamani.

Siku ya kuwasha, globu iliwaka kidogo, ikafifia. Fundi aligeuza skrubu ndogo ya bodi ya umeme hadi mita ikasoma 67, kisha akarekebisha kila upande hadi sehemu yake ya katikati ikasoma nusu ya hapo, 33.5. Akaunga kwanza spika mbovu, asiihatarishe nzima. Hakukuwa na mngurumo. Nyumbani niliiweka kaseti ya mwaka 1991 peke yangu, mlango umefungwa, na upande wa kulia ulikuwepo. Hayo mengine ni yangu.

Gharama yote ilifikia shilingi laki mbili na themanini elfu, na kazi ilichukua miezi minne, sehemu kubwa ikiwa ni kungoja posta. Kwa fedha hizo ningepata kifaa kipya cha kuridhisha, na simlaumu anayechagua hivyo ikiwa amepima.

Pamoja na amplifaya, fundi alinikabidhi kopo la kahawa. Ndani mlikuwa na vipuri vyote alivyovitoa, na kila kimoja kimefungiwa kijikaratasi kwa uzi: kilipotoka, kilichoandikwa juu yake, na kilichosomeka kwenye mita. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa “kibovu” bila namba. Nilisoma ripoti za wanafunzi kwa miaka thelathini na minne, nyingine zikiwa na mihuri mitatu. Ni chache zilizokuwa na haki kama lile kopo.