Wosia wa Miti kwa Wajukuu Wangu wa Tseikuru

Wajukuu wangu,

Nikishaondoka mtagawana shamba hili, na mipaka yake mtaimaliza na wazee wa ukoo. Neno langu ni la miti. Najua kila mmoja wenu atataka kufyeka kipande chake ajenge, kisha apande miti ya kivuli. Nawasihi, kabla ya panga kutoka, lizungukeni shamba mtazame kilichosimama tayari.

Mti hujengwa kwa hewa. Majani huvuta hewa ya ukaa, hiyo hiyo inayozidisha joto la dunia, na mti huigeuza kuwa shina, matawi na mizizi. Gogo likikauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni iliyotoka katika hewa hiyo. Kwa hiyo mgunga mzee ni akiba iliyokwisha kuwekwa. Ukiuchoma makaa, akiba yote inarudi angani. Mwaka 2018 kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa kwenda nje, lakini hakuna askari atakayelinda kila mgunga. Walinzi ni ninyi.

Miche sikatai. Desemba 2022 serikali ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa mapumziko ili watu wapande. Ni jambo jema. Ila mtu akiwaletea miche, msimuulize itakua upesi kiasi gani. Muulizeni kama itakuwa hai watoto wenu wakiwa na wajukuu. Mti unaokauka kiangazi cha pili haujahifadhi kitu. Hapa kwetu mvua ni haba, na ya kutegemewa zaidi ni hii ya Oktoba hadi Desemba. Mkalatusi una kiu kubwa, uacheni kwa wenye maji. Mti wa mathenge msiulete kabisa, hata kwa ua wa boma. Wenzetu wa Baringo waliletewa kama msaada, ukawafunika malisho, na mwaka 2006 wakafika mahakamani Nairobi na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake.

Karibu na nyumba pandeni mkwaju. Unakawia, lakini mizizi yake huenda chini sana, kivuli chake ni kizito, na matunda yake mtakunywa ninyi na kuuza. Mpingo nao ukiota wenyewe, usiguswe. Hukua polepole mno, lakini ubao wake ni mzito hata ukitupwa majini unazama; kipande kidogo tu kimebeba kaboni nyingi. Mahali pengi hamhitaji hata kupanda. Visiki vya migunga vina uhai bado: chagueni machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine mpogoe, mbuzi mwazuie. Dodoma, Tanzania, wakulima wanafanya hivyo, na njia hiyo wanaiita Kisiki Hai.

Mbuyu ule wa upande wa mto nauombea mahususi. Ubao wake ni laini, haufai kujengea, na kwa sababu hiyo kuna atakayesema hauna kazi. Mtazameni jioni ukiwa na maua. Ua hufunguka giza linapoingia, jeupe, kubwa kama kiganja, na popo hulijia kunywa utamu wake wakibeba chavua manyoyani. Kesho yake limeanguka. Katika tundu la shina hondohondo jike hujiziba ndani kwa udongo, akaacha ufa mwembamba tu, na dume humlisha kupitia hapo mpaka makinda yakue. Mche wa mwaka huu hauna tundu. Tundu huja kwa uzee, na ndiyo maana hata mti uliokufa nusu nautetea. Mizinga ya nyuki nayo itundikeni kwenye migunga, kwa maana ikichanua asali haikawii.

Mkihitaji mbao, pandeni mukau. Baada ya miaka kumi na kitu unapasuliwa, mchwa hawaupendi, na kaboni inabaki ndani ya mlango na kenchi muda wote nyumba isimamapo. Shida yake ni mbegu. Mbuzi hula tunda na kutema kokwa zizini, basi okoteni huko. Kokwa iwekwe juu ya ubao, ipasuliwe taratibu kwa kisu kinachogongwa na kijiti, maana ukitumia nguvu unakata mbegu yenyewe. Ncha ya mbegu ikatwe kidogo, ilale majini usiku kucha, asubuhi ganda lake jembamba lichanwe kwa wembe, kisha ipandwe katika mchanga safi wenye unyevu. Mkikwama, nendeni Kitui mjini kwa watu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wameufanyia mti huu kazi ya miaka mingi.

Kokwa nilizokusanya zimo ndani ya gunia ghalani, juu ya dari, mbali na panya. Anzeni kuzipasua Agosti, ili mvua ya Novemba iikute miche imefika gotini.