Kutoka Kabale hadi Kisoro: Mlima Hupima Usukani

Barabara itokayo Kabale kwenda Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, ina urefu wa yapata kilomita 80, lakini msafiri huiona ndefu kuliko hesabu hiyo. Huanzia katika nchi ya Wakiga, ambako vilima vimekatwa matuta toka bondeni hadi kileleni, na viazi, mtama na maharage hustawi juu ya miteremko ambayo mgeni hudhani hapasimami hata mbuzi. Kisha hupita upande wa kaskazini wa ziwa Bunyonyi, jina ambalo maana yake ni mahali pa ndege wadogo. Hupanda katika msitu wa Echuya wenye mianzi mingi, huvuka mlima mahali paitwapo Kanaba, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ndipo huteremka hadi Kisoro.

Kwa miaka mingi barabara hii ilikuwa ya changarawe: vumbi wakati wa kiangazi, utelezi wakati wa masika. Kazi ya kuitia lami ilianza mwaka 2007. Lami iliondoa vumbi, wala haikuziondoa kona. Tena imewapa madereva hamu ya mwendo ambayo changarawe iliwanyima.

Miongoni mwa magari yaliyoizoea njia hii kabla ya lami ni Land Rover ya zamani, yenye springi za bapa, ambayo askari wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu kambini na kituoni. Ile iitwayo Series III ilitengenezwa toka mwaka 1971 hadi 1985. Ni gari livumilialo mengi, lakini uzeeni hupatwa na ugonjwa mmoja mashuhuri: usukani kulegea.

Katika barabara iliyonyooka ugonjwa huu hujificha. Dereva huchezesha mikono kushoto na kulia bila kutambua, na kwa kuwa gari linafika, husema kwamba ndivyo lilivyo. Penye kona za Muko siri hufichuka. Dereva huzungusha usukani, gari lisitii papo hapo; huongeza, nalo hutii kwa ghafla na kupita kiasi. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde, na mbele huenda lori linapanda. Hapo kuchelewa kidogo tu si jambo dogo, hasa mama na watoto wakiwa wameketi nyuma.

Ulegevu huo aghalabu hautoki mahali pamoja. Katika Land Rover hiyo, toka boksi la usukani hadi magurudumu ya mbele mna viungo 6 vyenye vichwa vya mviringo, ambavyo mafundi huviita boljointi. Kila kimoja kikilika kidogo, jumla yake huwa kubwa mikononi mwa dereva. Juu ya hayo kuna beringi za magurudumu, kingipini, bolti zinazolishika boksi lenyewe, na zile zinazofunga springi kwenye ekseli. Kwa hiyo anayeanza kwa kukaza skrubu ya boksi huwa anatibu kichwa cha mgonjwa anayeumwa mguu.

Uchunguzi hauhitaji karakana kubwa. Wahitajika watu wawili tu, na wa pili aweza kuwa mke wa dereva au kijana wake. Gari husimamishwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa, magurudumu ya mbele yakielekea mbele na mawe yakiwa yameyazuia ya nyuma. Mmoja huketi na kuuchezesha usukani taratibu, kushoto na kulia. Mwingine hulala chini na kukigusa kiungo kimoja baada ya kingine. Mahali ambapo chuma kimoja chasogea na cha pili chabaki kimetulia, hapo ndipo penye kasoro. Kisha kila gurudumu la mbele huinuliwa kwa jeki, ekseli ikaegemezwa juu ya kigogo imara, kwa kuwa jeki peke yake haifai kuaminiwa. Gurudumu hushikwa juu na chini likatikiswa. Likicheza, beringi au kingipini ndizo za kushughulikiwa.

Boljointi iliyolika haikazwi, hubadilishwa. Bolti zilizolegea hukazwa, na mafuta ya boksi hutazamwa kama yamepungua. Hayo yote yakiisha, na ulegevu ukiwa ungalipo, ndipo ifikapo zamu ya skrubu iliyo ubavuni mwa boksi. Magurudumu huelekezwa mbele barabara, kwa sababu meno ya boksi hulika zaidi katikati, ambako hufanya kazi zaidi. Nati inayoishika skrubu hulegezwa kwa spana, na skrubu hukazwa kidogo kidogo kwa bisibisi mpaka ulegevu upungue. Nati hukazwa tena, kisha, magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa, usukani huzungushwa toka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ukigoma popote, skrubu imezidi, nayo budi irudishwe nyuma.

Hapa ndipo wengi hukosea. Boksi lililolika sana katikati, likikazwa hata ulegevu wote uishe, huwa gumu penye kona. Dereva akitelemka toka Kanaba huukata usukani, lakini kona ikiisha usukani haurudi wenyewe kama ilivyo desturi. Hubaki umekata kuelekea bondeni. Heri ulegevu mdogo unaofahamika kuliko ugumu huo. Boksi la namna hiyo lataka vipuri vipya, si nguvu za mkono.

Anayeteremka na usukani mzuri hupata fursa ya kusimama kando na kutazama: mbele yake Muhavura wenye mita 4,127, kisha Mgahinga na Sabinyo, na chini mashamba ya Bufumbira yenye kuta za mawe ya volkano. Mwaka 1967 Dian Fossey, mtafiti wa sokwe wa milimani, aliingia Kisoro kutoka Kongo akiendesha Land Rover yake, akapata hifadhi katika hoteli ya Mjerumani Walter Baumgärtel.

Mbele ya Kisoro kuna mpaka wa Cyanika. Uganda magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia. Dereva avukaye hubadili upande mara moja, na usukani hauna budi kumtii mara moja. Kazi ya asubuhi moja mjini Kabale, kabla ya mzigo na watoto kupakiwa, yatosha kuhakikisha jambo hilo.