Ng'ambo ya Daraja la Mackinac

Tuliondoka Grand Rapids saa kumi alfajiri, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Mimi nilishika usukani, na mama alikaa kando yangu ameupakata mkoba wake kama watu wanavyopakata mizigo kwenye basi la Kasulu. Ndani ya mkoba mlikuwa na kitambulisho, chupa ya chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha na daftari la shule lenye jalada la bluu. Alikuwa anakwenda kumwona mwanawe baada ya miezi kumi na minne. Mimi nilikuwa naenda kuingia gerezani kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Namwita mama kwa heshima ya umri. Yeye ni Mbembe wa Fizi, Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa Michigan pamoja na wanawe. Mimi ni wa Kigoma. Hapa Grand Rapids, mji wenye Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, kazi yangu ni ukalimani: leo kliniki, kesho shuleni, keshokutwa kwa mwenye nyumba. Tulikutana kwa sababu ya lile daftari. Alinijia akaniuliza kama ninaweza kulitia katika Kiingereza, lisomwe na hakimu.

Mwanawe anatumikia kifungo. Kosa lililompeleka huko silitetei wala silielezi. Alihukumiwa, na anatumikia. Ninalosimulia lilitokea baada ya hapo. Mwanzoni alikuwa gereza la karibu, mwendo usiofika saa nzima, na mama alimtembelea kila mwezi. Siku moja askari wa mlangoni alimrudisha kwa sababu ya kitenge alichojifunga. Kanuni, aliambiwa, hairuhusu vazi la kufunga kiunoni. Kitenge hichohicho kilikuwa kimepita mlango huo mara sita. Kijana akaandika malalamiko kwa niaba ya mama yake. Siku kumi na moja baadaye akaandikiwa kosa la nidhamu, ikidaiwa alilifanya katika chumba cha wageni, siku ambayo kwa daftari la mama hakuna mtu wa nyumbani aliyekwenda kumwona. Ziara zikafungwa. Kabla mwaka haujaisha akahamishiwa kaskazini, ng'ambo ya daraja.

Hayo ndiyo madai yake katika kesi aliyoifungua, na walioshtakiwa wanayakana. Magereza yenyewe sitayataja, wala watu. Lakini daftari nimelisoma ukurasa kwa ukurasa, kurasa kumi na tisa, na mwandiko wake ni wa mtu asiye na haraka ya kumridhisha yeyote. Tarehe, saa ya kufika, neno moja au mawili. "Nimerudishwa. Kitenge." Halafu, mwezi uliofuata: "Jina halimo."

Cadillac tukajaza mafuta. Baada ya hapo barabara kuu ikaisha, ikawa njia mbili tu katikati ya misonobari, na taa za gari letu zikawa peke yake gizani. Mama hakusinzia. Alitaka nimweleze tena ile kesi, kwa maana kila nikimweleza alikuta swali jipya.

Nikaanza na sheria yenyewe. Kifungu ambacho wafungwa wa Marekani hukitumia kuwashtaki maafisa wa majimbo kinaitwa 1983, kwa namba yake kitabuni, lakini asili yake ni mwaka 1871. Wakati ule watu weusi wa Kusini walikuwa wametoka utumwani juzijuzi, kundi la Ku Klux Klan likiwaua na kuwachomea nyumba, na wenye mamlaka wa huko wakitazama pembeni. Bunge likatunga sheria ya kumruhusu mtu aliyevunjiwa haki na mwenye madaraka ya serikali ya jimbo amfikishe mahakama ya shirikisho. Mfungwa wa Illinois akaitegemea sheria hiyo hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1964 ikakubalika kwamba ukuta wa gereza haumfungii mtu nje ya mahakama.

"Sasa mbona ni vigumu hivi?" akauliza.

Ni vigumu kwa sababu ya mwaka 1996. Mwezi Aprili wa mwaka huo Rais Clinton alitia saini sheria ya kupunguza kesi za wafungwa. Tangu hapo mfungwa hawezi kushtaki mpaka amalize ngazi zote za malalamiko za ndani. Michigan zipo tatu. Mfungwa hupewa siku mbili za kazi kujaribu kusuluhisha kwa mdomo, kisha siku tano kujaza fomu ya kwanza, kisha rufaa, kisha rufaa nyingine inayokwenda Lansing. Ukikosa siku moja, unaweza kuikosa kesi nzima. Ada ya kufungua shauri, dola 350, haisamehewi hata kwa fukara; hukatwa kidogokidogo, asilimia 20 ya alichoingiziwa mwezi uliopita, katika akaunti ya mtu ambaye ujira wake huhesabiwa kwa senti. Na wengi wao hawana wakili. Huyu kijana aliandika mashtaka yake kwa kalamu ya wino, herufi kubwa tupu, katika Kiingereza alichojifunza ukubwani. Karatasi hizo zilisafiri mpaka mahakama ya Wilaya ya Magharibi ya Michigan, yenye jengo papa hapa Grand Rapids. Mama hupita mbele ya jengo hilo akienda kazini. Karatasi za mwanawe zilifika mjini, yeye hakuweza.

Mama alinyamaza, kisha akasema: "Elfu moja mia tisa tisini na sita ndio mwaka nilivuka ziwa."

Nilipomsomea mashtaka kwa mara ya kwanza, neno moja lilinikwamisha. Kesi yote imesimama juu ya neno la Kiingereza ambalo kamusi hulifasiri kuwa kulipiza kisasi. Lakini kisasi kina deni nyuma yake: umenipiga, nami nakupiga. Huyu kijana hakumpiga mtu, alijaza fomu ambayo gereza lenyewe limeichapisha ili ijazwe. Nikamweleza mama hivyo, naye akanipa neno bila kufikiri. "Walimukomoa." Neno alilotoka nalo Kigoma, akaliongezea sauti ya Fizi. Kukomoa ndiko hasa: kumtia mtu adabu ili asirudie, na mwenzake anayetazama naye aone. Mahakama za Marekani zinalisema jambo hilohilo kwa maneno mengi zaidi.

Ningependa kila mwenye ndugu gerezani aelewe jambo hili. Kutembelewa, kwa sheria ya Marekani, si haki ya kudai moja kwa moja. Mwaka 1989, katika kesi iliyotoka Kentucky, Mahakama ya Juu ilikataa kwamba mfungwa anadai mgeni fulani kama stahili yake. Mwaka 2003, katika kesi ya Overton dhidi ya Bazzetta, iliyotoka Michigan hapahapa, majaji wote walikubali kanuni zilizowazuia watoto wa kaka na dada kuwatembelea wafungwa, na zilizomfungia wageni kwa miaka miwili au zaidi mfungwa aliyekutwa na makosa mawili ya dawa za kulevya. Nilipomsomea mama hilo aliweka kikombe chini. Hata hivyo, Jaji Kennedy, aliyeiandika hukumu hiyo, aliacha mlango: marufuku ikiwa ya kudumu, au ikitumiwa kiholela dhidi ya mfungwa mmoja, hayo yatakuwa mambo mengine. Na sheria ya kukomoa haiulizi kama kilichochukuliwa kilikuwa haki au fadhila. Inauliza kimechukuliwa kwa nini.

Mahakama ya rufaa ya Cincinnati, inayosimamia Michigan, iliweka vipimo vitatu mwaka 1999. Mlalamikaji aonyeshe kwamba alichofanya kinalindwa, kama kuandika malalamiko ya kweli. Aonyeshe kwamba alichotendewa kingemkatisha tamaa mtu wa uthabiti wa kawaida. Na aonyeshe kwamba la pili lilisababishwa na la kwanza, angalau kwa sehemu. Hata akifika hapo, maafisa wanaruhusiwa kuthibitisha kwamba wangefanya vilevile hata bila malalamiko yale.

"Huyo mtu wa kawaida," mama akauliza, "ana mama?"

Sikuwa na jibu. Nadhani ni swali ambalo wakili mzuri angeliuliza mbele ya baraza la wazee wa mahakama.

Kipimo cha tatu ndicho kinachowaangusha wengi, maana hakuna askari anayeandika kwenye fomu kwamba anakomoa. Kinachobaki ni tarehe: malalamiko lini, adhabu lini, siku ngapi katikati. Ndiyo maana daftari la mama lina uzito. Tuliligeuza kuwa tamko la maandishi, akatia saini chini ya adhabu ya kusema uongo, nami nikathibitisha tafsiri yangu.

Mackinaw City tulifika jua likiwa ndio linachomoza, na daraja likatokea mbele yetu. Lilifunguliwa mwaka 1957, lina urefu wa kilomita nane, nalo linaunganisha rasi mbili za Michigan juu ya mlangobahari ambapo ziwa Michigan na ziwa Huron yanakutana. Katikati, barabara iko kama mita 60 juu ya maji. Njia ya ndani haina lami bali wavu wa chuma. Magurudumu yanalia juu yake kama nyuki, na ukitazama chini unaona mawimbi. Wapo wanaoogopa kabisa, na mamlaka ya daraja huwa na dereva wa kuwavusha. Nilimuuliza mama kama nimwite.

"Nilivuka Tanganyika usiku kwa mtumbwi, huyu mtoto akiwa mgongoni," akasema. "Endesha."

Nikaendesha. Alikuwa akitazama maji upande wake, na midomo yake ilikuwa ikisogea. Tulipolipa dola nne upande wa St. Ignace, aliniambia alikuwa akihesabu nguzo.

Kutoka hapo ni kando ya ziwa kuelekea magharibi, kisha kaskazini, kisha kipande cha Seney: kilomita 40 za barabara iliyonyooka kama uzi kati ya mabwawa na miti mifupi. Theluji ya kwanza ilianza kuanguka hapo. Nikawaza jinsi umbali unavyofanya kazi ambayo hakuna amri iliyoandikwa kuifanya. Ziara ilikuwa imeruhusiwa tena, lakini kwa mama asiye na gari, asiyesoma Kiingereza, anayesafisha hoteli siku sita kwa wiki, kilomita karibu 600 ni marufuku nyingine. Mahakama kwa kawaida hazihesabu uhamisho kuwa adhabu, labda uwe umeleta hasara ya wazi. Mimi nimeipima safari hiyo kwa mgongo wangu, na siwezi kuiita kitu kingine.

Mlangoni mwa gereza mama alivua koti la baridi, na hapo ndipo nilipokiona kitenge. Kilekile, cha kijani chenye samaki wa njano. Alikipeleka kwa fundi kikashonwa gauni refu lenye mikono. Hakuwa ameniambia. Askari aliyetupokea, kijana mpole, na ni haki niseme hivyo, alitazama gauni, akatazama karatasi ya kanuni, akatupisha. Viatu vikavuliwa, kilemba kikafunguliwa na kufungwa tena, mikono ikapigwa muhuri usioonekana ila chini ya taa maalumu. Daftari lilibaki kwenye kabati la wageni, karatasi haziingii.

Mwanawe alitokea mlango wa ndani akiwa na sare ya bluu yenye mistari ya rangi ya machungwa. Kumbatio moja wakati wa kufika, moja wakati wa kuondoka, ndiyo kanuni. Lile la kwanza mama hakuliachia mpaka askari alipokohoa. Kisha wakakaa, naye akamshika mwanawe uso kwa viganja viwili, akamgeuza huku na huku kama anavyofanya mnunuzi wa papai.

"Umekonda."

"Mama, umeandika tarehe ya leo?"

"Nitaandika nikitoka."

Walizungumza Kibembe muda mrefu, nami nikaenda kwenye mashine za vyakula kwa makusudi. Niliporudi, kijana aliniuliza kuhusu tarehe tatu katika tamko, akizitaja kwa kichwa, na moja nilikuwa nimeikosea: niliandika Machi badala ya Mei. Tutapeleka sahihisho Jumatatu. Nilimuuliza kama hajutii kuandika yale malalamiko, kwa yote yaliyomgharimu. Alimtazama mama yake kwanza.

"Walimrudisha mlangoni mbele ya watu," akasema. "Ningeandika nini kingine?"

Saa ya kuondoka ilipofika mama hakulia. Alilia garini, baada ya Seney, gizani, kisha akawasha taa ndogo ya juu, akafungua daftari na kuandika. Niliona mstari ule tulipokula mihogo St. Ignace: tarehe, saa saba mchana, "Nimemuona."

Kesi bado iko mahakamani. Ziara inayofuata tumeiandikisha Jumamosi ya tatu ya Novemba, na theluji ikikubali tutaondoka saa kumi alfajiri. Najua kuna kina mama wengine mjini hapa wenye watoto ng'ambo ya daraja na hawana wa kuwapeleka. Gari langu lina viti viwili vya nyuma, na vyote viko wazi. Njoo na kitambulisho, na kama una daftari, njoo nalo.