Nyumba ya Katikati: Safari ya Kibuyuni

Tulivuka kivuko cha Likoni alfajiri, tukashika barabara ya Lungalunga kuelekea kusini. Tulipita Ukunda, Gazi na mikoko yake, Msambweni, kisha Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988 miwa ilikosa mnunuzi. Kwenye njia panda ya Shimoni tuliiacha barabara kuu, tukaelekea baharini hadi Kibuyuni.

Hatukwenda kutembea tu. Sisi akina mama wa kamati ya karo tulikuwa na deni. Mwaka uliotangulia tulikataa ombi la binti mmoja wa huko kwa sababu fomu yake ilisema kwamba nyumba yao hupata shilingi 20,000 kwa mwezi. Tulihukumu kwamba wanajiweza. Binti akakaa nyumbani muhula mzima.

Tulikuta maji yamekupwa, na wanawake wamo baharini wakifunga mwani kwenye kamba. Mwani huo huvunwa baada ya wiki sita hivi, ukaanikwa, ukauzwa mkavu. Mama wa binti yule alitukaribisha mkekani, akatupa madafu kabla hatujasema neno.

"Wanangu," alisema, "ile elfu ishirini ni kweli. Ilikuwa kaskazi, bahari shwari, samaki tele. Kusi ilipoingia, ngalawa ilikaa mchangani."

Tulihesabu naye kwa vidole. Miezi 5 ya kaskazi, 20,000 kila mwezi. Miezi 7 iliyobaki, 4,000. Jumla 128,000. Tukamwuliza mbona mwani haukuandikwa. Akacheka: "Karatasi iliuliza kazi ya baba." Mwani wake ulikuwa umeleta 22,000 kwa mwaka. Jumla ikawa 150,000, yaani 12,500 kwa mwezi. Fomu yetu ilikuwa imekosea mara mbili: iliukuza mwezi mmoja wa neema, na ikaifuta jasho ya mama.

Wanaopima maisha ya nchi wanaijua mitego hii. Uchunguzi wa kaya uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu uliendelea miezi 12, kuanzia Septemba 2015 hadi Agosti 2016, ili misimu yote ipate kuingia. Nao ulichungulia zaidi matumizi kuliko mapato, kwa kuwa mkulima na mvuvi hula sehemu ya pato lao kabla halijawa fedha. Muhogo wa shambani na samaki wa mchuzini nao huhesabiwa.

Hata neno kaya lina uzito wake huku. Kwa Wadigo, kaya ni nyumbani, na pia ni msitu mtakatifu wa wazee, kama ule wa Kinondo. Kwa mtakwimu, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Je, kijana aliye Mombasa anayetuma fedha kwa simu yumo chunguni au hayumo? Jibu likibadilika, hesabu nayo hubadilika.

Tulijifunza pia kujihadhari na wastani. Tuchukue mfano wa nyumba saba zenye mapato ya 6,000, 8,000, 9,000, 11,000, 12,000, 15,000, na moja ya mwajiriwa mkubwa, 135,000. Wastani wake ni 28,000, ilhali nyumba sita kati ya saba haziufikii hata kidogo. Lakini tukizipanga kwa safu na kuitazama ya katikati, tunaona 11,000. Hiyo ndiyo hutuambia jirani wa kawaida anaishije. Tajiri mmoja akihamia kijijini, wastani huruka. Nyumba ya katikati hutikisika kidogo tu.

Na ukitaka kujua kama nyumba hiyo imesonga mbele kwa miaka, usitazame shilingi peke yake. Mwaka 2005/06, kiwango cha umaskini vijijini kiliwekwa shilingi 1,562 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mwaka 2015/16 kilikuwa 3,252. Basi aliyepata 10,000 zamani, akapata 20,000 baada ya miaka kumi, hakupanda. Amekimbia kwa bidii ili abaki palepale.

Jioni, maji yakijaa, tuliagana. Mama alitufungia muhogo wa kwenda nao, nasi tuliona haya kuupokea, tukaona haya zaidi kuukataa.

Fomu yetu sasa inauliza kaskazi na kusi, kazi ya baba na kazi ya mama, wanaokula chunguni na wanaotuma kutoka mbali. Binti amerudi shuleni. Muhula alioupoteza hatuwezi kumrudishia. Tunaloweza ni kutompotezea mwingine kwa tarakimu tuliyoisoma haraka.